Mzigo Usiopimwa Mizani

Tarehe 11 Novemba 1965, mjini Salisbury, Waziri Mkuu Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia Kusini, na kabla mwaka haujaisha Zambia ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Nchi hiyo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake. Reli yake ilielekea kusini, ndani ya ardhi ya Smith. Shaba ilitoka kwa njia hiyo kwenda Beira, na petroli, makaa ya mawe na mashine za migodini ziliingia kwa njia hiyo hiyo. Rais Kaunda wa Zambia na Rais Nyerere wa Tanzania wakageukia barabara, sehemu kubwa yake ya vumbi, inayoanzia bandari ya Dar es Salaam, ikakata Morogoro, ikapanda Iringa, ikashika Mbeya na kuvukia Tunduma.

Barabara ile haikutengenezwa kubeba nchi nzima mgongoni. Masika yalipoanza, udongo ukageuka utelezi na malori yakazama hadi kwenye ekseli. Dereva na utingo wake walilala chini ya gari siku nzima au zaidi, wakingoja jua likaushe njia au lori jingine liwavute. Petroli ilisafirishwa kwenye mapipa, kwa hiyo gari likipinduka halikuacha nafasi ya kufikiri. Kwenye mlima Kitonga, ambako barabara imeng'ang'ania ubavu wa jabali huku korongo likiwa chini yake, breki zilishika moto, na aliyekosea gia hakupata nafasi ya pili. Waandishi wa habari wa Kiingereza waliiita Njia ya Jehanamu, nao madereva waliofika salama hawakuona kwamba jina hilo limetiwa chumvi.

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitaliano ya Intersomer, ziliunda Zambia-Tanzania Road Services na kuleta malori ya Fiat. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, likaanza kupeleka mafuta Ndola. Wanahistoria wamesimulia vizuri habari za tani zilizopita, fedha zilizotumika na magari yaliyokufa. Aliyeshika usukani anaonekana katika simulizi hizo kwa nadra, na mara nyingi ni pale alipoharibu gari. Hapo sababu zake ni zile zile: uzembe, ulevi, mwendo kasi. Kwamba mtu huyo alikuwa hajalala tangu juzi, kwamba wiki iliyopita alimwona mwenzake akiungua, kwamba kila akiikaribia Kitonga mikono ilimtetemeka, hayo hayakuwa na safu yake katika daftari la mwajiri.

Ni safu hiyo iliyokosekana ndiyo ninayotaka kuifuata hapa, na mahali pazuri pa kuifuatia ni Ipogolo.

Ipogolo iko bondeni, chini ya mji wa Iringa, kando ya Mto Ruaha Mdogo, takriban kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Mji wenyewe umekaa juu kilimani. Barabara kuu inapita chini na kuuacha. Dereva atokaye pwani anafika hapa akiwa amekwisha pita joto la Ruaha Mbuyuni, amepanda Kitonga na kuvuka Ilula kwenye nyanya zake. Mwili unadai kupumzika. Atokaye Tunduma naye anajua kwamba mbele yake kuna mteremko wa Kitonga, na mwenye busara hapendi kuushuka akiwa na usingizi. Kwa hiyo hapa pamekuwa mahali pa kulaza gari, kula, kuoga, kukagua matairi na kupiga simu nyumbani. Gesti, vibanda vya mama lishe, mafundi na maduka ya vipuri vimekua kwa kumtegemea mtu huyu mchovu, na watu wa hapa wamemjua kwa karibu kuliko anavyojulikana na tajiri wake.

Kuielewa hali ya dereva wa 1966 kunahitaji kwanza kurudi nyuma kidogo. Tanganyika ya wakoloni ilikuwa na jibu moja kwa maradhi ya akili, nalo lilikuwa ukuta. Wamisionari wa Bethel walikuwa na Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali palipoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na baadaye pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Jina la Mirembe likaingia katika mazungumzo ya kila siku hata kwa watu ambao hawajawahi kufika Dodoma, na hadi leo fundi akimkasirikia mwenzake gereji humwambia aende huko. Kati ya mtu mzima wa akili na mtu wa Mirembe hapakuwa na kituo cha katikati. Ukiweza kufanya kazi, wewe ni mzima. Usipoweza, wewe ni wa huko.

Elimu ya madaktari wa enzi hizo iliunga mkono mgawanyo huo. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Dai hilo limekwisha kutupwa, lakini lilifundishwa, na likawapa waajiri ruhusa ya kutojiuliza lolote. Huzuni, wasiwasi na kukosa usingizi vilihesabiwa kuwa maradhi ya watu wa Ulaya. Mfanyakazi Mwafrika alikuwa ama mvivu, ama mtundu, ama kichaa.

Nyanda za Juu Kusini ziliijua hesabu hiyo mapema. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoitwa SILABU iliandikisha vijana wa Iringa, Njombe na Mbeya kwenda mashamba ya Tanga na kwingineko. Wengine, hasa Wanyakyusa, walichukuliwa na WENELA, wakala wa kuandikisha wachimbaji, kwenda migodi ya Afrika Kusini. Kabla ya safari walikaguliwa kifua, uzito na viungo. Wakaenda na mikataba yao, na kijijini wakabaki wake na wazee wakihesabu miezi. Waliorudi wakiwa hawasemi, au wakinywa hadi usiku wa manane, walipokelewa na ndugu zao. Mwajiri alikuwa amekwisha kuwalipa na kuwafuta katika orodha yake.

Uhuru ulileta lugha mpya kazini, na Februari 1971 chama tawala, TANU, kilitoa Mwongozo. Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wakaishika kwa mikono miwili. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vingi, hasa Dar es Salaam, vilisimama kwa sababu ambazo mara nyingi hazikuwa mshahara. Watu walikuwa wametukanwa mbele ya wenzao. Mameneja wengine walifungiwa nje ya lango. Naitaja habari hii kwa sababu wengi wanadhani madai ya heshima na utulivu wa moyo mahali pa kazi yamekuja juzi na semina za maofisini. Mfanyakazi wa Tanzania alikwisha kuyatamka waziwazi zaidi ya miaka 50 iliyopita, kwamba kudharauliwa kila siku ni madhara ya kazi sawa na kukatwa kidole na mashine. Serikali ilivumilia kwa muda, kisha mwaka 1973 ikachoka na kuwafukuza wagomaji. Ibara ilibaki kwenye karatasi.

Dereva wa lori hakuwa na lango la kumfungia mtu nje. Alikuwa peke yake na utingo wake, mamia ya kilomita kutoka kwa mkubwa wake. Hii ni hali yake ya msingi hadi leo, na inamtofautisha hata na jirani yake wa reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa Julai 1976, na kipande chake kigumu kuliko vyote kilikuwa Mlimba hadi Makambako, ambako mahandaki na madaraja yanafuatana. Wajenzi wake, Watanzania, Wazambia na Wachina, waliishi makambini pamoja. Walifiwa pamoja pia. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi ya wengi wao yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kazi ilikuwa ya kikatili, lakini mtu aliyetetemeka jioni alionekana na wenzake. Reli ilipoanza, mfanyakazi wake alikuwa na nyumba ya shirika, zamu na mkubwa anayefahamika. Miaka ya karibuni wafanyakazi wa TAZARA wamegoma zaidi ya mara moja kwa kutolipwa mishahara, na sitaki kuipamba hali yao. Nasema tu kwamba waligoma pamoja, mahali pamoja, wakijuana kwa majina.

Lami ilikamilika mapema miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wengine, na safari ikafupika. Hapo ndipo lilipoingia jambo ambalo halikutazamiwa. Barabara ilipokuwa tope, tope lenyewe lilimlazimisha dereva kusimama. Barabara ilipokuwa laini, hapakuwa na cha kumsimamisha ila yeye mwenyewe au tajiri. Mchoko wa kukwama ukageuka mchoko wa kutosimama.

Miaka ya 1980 nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin ikiwa haina fedha za kigeni. Mafuta yalipatikana kwa foleni na vipuri kwa kujuana. Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki lilifanyika jambo jema ambalo halikumbukwi sana. Kuanzia mwaka 1980 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na DANIDA ya Denmark, ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuwatibu wagonjwa wa akili katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, karibu na kwao, badala ya kuwapeleka Dodoma. Mganga wa zahanati alifundishwa kutambua sonona na wasiwasi, si kichaa cha kurusha mawe peke yake. Kwa mara ya kwanza kituo cha katikati kikaanza kujengwa. Kilijengwa mahali mtu anapoishi, na dereva alikuwa mtu asiyeonekana anapoishi. Alipita Morogoro saa kumi alfajiri na zahanati zikiwa zimefungwa.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na baada ya miaka michache barabara ya Zambia ilikuwa imekwisha kuwa njia yake. Utafiti wa taifa wa 2007–08 ulikuta asilimia 15.7 ya watu wazima wa mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, wakiishi na virusi, kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote wa Bara. Madereva walibebeshwa lawama ya maambukizi hayo. Mahali pa kulaza gari pakageuka, katika vinywa vya watu, mahali pa kuchukua kifo. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1990 hapakuwa na dawa. Dawa za bure zilianza kutolewa na serikali mwaka 2004. Fikiria kundi la wanaume wanaozika wenzao kila mwezi, wanaoogopa kupima, wanaoogopa kurudi nyumbani, na ambao kila wakiegesha gari watu huwatazama kama uchafu. Kisha mpe mmoja wao tani 30 aziteremshe Kitonga usiku.

Kati ya 1990 na 1993 shirika la AMREF liliendesha mradi katika vituo 7 vya malori kwenye barabara hii. Ulikusudiwa kugawa kondomu na elimu, na haukujitangaza kuwa wa afya ya akili. Lakini namna ulivyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa makini. Waelimishaji walichaguliwa kutoka miongoni mwa watu wale wale: madereva, matingo, wahudumu wa baa na gesti. Hawakuletwa madaktari wa kuhutubia. Dereva aliketi na mtu anayeijua kazi yake, akaulizwa mambo yake ya ndani bila kuhukumiwa. Mimi nauona kuwa mwanzo halisi wa huduma ya akili kwa mfanyakazi katika barabara hii. Wenye magari wangeweza kuuchukua mtindo huo na kuuendeleza kwa mambo mengine, kama usingizi, pombe, hofu na ugomvi wa ndoa. Mtindo ulikuwa rahisi na ulikuwa umekwisha kuonyeshwa njia. Fedha za mradi zilipokwisha, hawakuuchukua.

Serikali kwa watumishi wake ilikwenda mbele kidogo. Waraka wa Utumishi wa mwaka 2006 uliagiza huduma kwa watumishi wanaoishi na virusi, na wa 2014 ukaongeza magonjwa sugu yasiyoambukizwa. Mwalimu wa Kihesa au karani wa halmashauri ya Iringa alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Dereva anayelala Ipogolo hakuwa mtumishi wa umma.

Sheria za jumla zilimhusu, na ni sheria nzuri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, inakataza siku ya kazi kupita saa 12 hata ikiwa na saa za ziada, inataka mapumziko ya saa nzima baada ya saa 5 mfululizo na saa 12 za kupumzika kati ya siku moja na nyingine. Mgonjwa ana siku 126 za likizo ya ugonjwa, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, na sheria haisemi kwamba ugonjwa lazima uwe wa mwili. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili badala ya ile iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na mwaka huo huo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Kwa upande mwingine Kanuni ya Adhabu, nayo urithi wa Waingereza, imehesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu anayejua hivyo hawezi kumweleza mkubwa wake kazini kwamba ameanza kuwaza kifo.

Kwa nini basi sheria hizi hazikufika kwenye kiti cha dereva? Kwa sababu ya namna anavyolipwa. Madereva wengi wa malori wana mshahara mdogo, au hawana kabisa, na maisha yao ni tripu. Kwa kila tripu tajiri hutoa posho: chakula, gesti, maegesho, dharura. Kinachobaki ndicho cha familia. Kila usiku wa gesti unapunguza unga wa watoto, kwa hiyo dereva analala kwenye kabini ya gari, na bora zaidi asilale kabisa. Foleni ya boda ikikaa siku nne, posho inaisha mpakani. Akifika mapema ataweza kupakia tena kabla mwezi haujaisha. Akisema amechoka, kijiweni Dar es Salaam kuna vijana wenye leseni wanaongoja funguo zake. Hakuna aliyemwamuru avunje sheria ya saa 12. Hesabu ya tripu inamwamuru. Mirungi, vinywaji vya kuamsha mwili na, baada ya kufika, pombe ya kuulazimisha mwili ulale, ni matokeo ya hesabu hiyo, na kumhubiria mtu aziache huku hesabu ikibaki vile vile ni kumwonea.

Tarehe 11 Machi 2015, Changarawe karibu na Mafinga, kilomita zisizofika 100 kutoka Ipogolo kwa njia ya Mbeya, lori na basi vilikutana na kontena likaliangukia basi. Walikufa watu zaidi ya 40. Iringa nzima iliomboleza, na zilifuata ajali nyingine kubwa wiki zilizofuata. Serikali ilijibu kwa kumtazama dereva: kila anapohuisha leseni yake, baada ya miaka 3, arudi chuoni kwa gharama yake. Ijumaa ya tarehe 10 Aprili madereva wa mabasi waligoma nchi nzima. Vituo vilijaa abiria, Ubungo yalirushwa mabomu ya machozi, na ndani ya saa chache agizo la chuo likasitishwa. Mei 4 wakagoma tena, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda kamati.

Waliosoma magazeti ya siku zile walikumbuka chuo. Dai kubwa zaidi, lile lililowarudisha barabarani mwezi Mei, lilikuwa mikataba ya ajira. Tazama walichoomba watu hawa ambao nchi ilikuwa ikiwaita wauaji. Waliomba karatasi inayosema mwajiri wangu ni fulani, mshahara wangu ni huu, nikiugua nitalipwa, nikifa mke wangu ataenda kwa nani. Kwa macho yangu hilo lilikuwa dai la afya ya akili kuliko semina yoyote iliyofanyika hotelini tangu hapo. Mtu asiyejua kama kesho ana kazi hawezi kutulia akili kwa kufundishwa kupumua polepole. Baada ya kamati, baadhi ya kampuni ziliandika mikataba. Nyingine ziliandika mikataba ya kuonyesha wakaguzi, na dereva akaendelea kulipwa kwa tripu.

Safari za mbali zilikuwa zikiongeza mambo ambayo mkataba peke yake usingeyatibu. Septemba 2016 wapiganaji wa Mai-Mai waliteka madereva wa Tanzania na Kenya mashariki mwa Kongo na kuchoma baadhi ya malori. Jeshi la Kongo liliwaokoa mateka. Taifa lilishangilia, na ilistahili. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limekwisha kuuweka msongo unaotokana na tukio la kutisha katika orodha yake ya magonjwa ya kazi tangu 2010, kwa hiyo mtu aliyefungwa porini huku bunduki ikiwa kichwani alihitaji kutazamwa kama aliyevunjika mguu kazini. Mei 2020, wakati wa Uviko, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na malori yakapanga mstari Tunduma. Lawama ya miaka ya UKIMWI ikarudi kwa jina jipya. Madereva walitajwa katika matangazo ya kila siku ya nchi jirani kama takwimu za maambukizi, walikataliwa vyakula na vyoo katika baadhi ya vituo, na walikaa mbali na nyumbani kwa majuma wakiwaza kama watawaambukiza watoto.

Katika yote haya aliyemtunza dereva ni nani? Jibu la kweli ni watu wa kando ya barabara. Mama lishe wa Ipogolo anamjua dereva anayekuja kila wiki mbili. Akimwona hali chakula, atamuuliza, na akimwona anaongea peke yake atamwita mwenzake wa kampuni ile ile. Utingo anamwimbia, anamchokoza, anamtolea utani ili asisinzie, na mara nyingine ndiye anayeshika usukani bila leseni kwa sababu ameona macho ya bosi wake yamekwisha. Makundi ya simu ya madereva hutangaza ajali, hutaja mizani ya Wenda ina foleni kiasi gani, na kwa dakika hizo hizo huchangisha rambirambi. Padri, shehe na mchungaji wanapokea maungamo ambayo daktari hajayasikia. Nauheshimu utunzaji huu, na najua umeokoa watu. Ila unatolewa na wenye kipato kidogo kuliko wote katika biashara hii, na mwenye faida ya tani zile hachangii chochote.

Dunia imeanza kusema yale yale kwa sauti ya kitaalamu. Juni 2022 Mkutano wa Kazi wa Kimataifa uliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za mfanyakazi. Septemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu akili na kazi, likikadiria kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka duniani. Mapendekezo yake ya kwanza hayakuwa ushauri nasaha. Yalikuwa kubadili kazi yenyewe: saa, mzigo, sauti ya mfanyakazi katika maamuzi, na kuwafundisha wasimamizi kutambua mtu anayeelemewa. Ulaya, dereva wa lori analazimika kupumzika dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, na kwa siku ya kawaida haruhusiwi kupita saa 9. Kifaa ndani ya gari kinaandika kila dakika, na polisi akisimamisha gari anasoma kifaa, hamuulizi dereva. Huko pia wapo wanaodanganya na wapo wanaoumia. Lakini uchovu wa dereva umekwisha kuwa jambo linaloweza kuthibitishwa dhidi ya mwajiri.

Nchini mwetu, mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, na sharti la madereva wawili kwa safari inayozidi saa 8 likasisitizwa upya. Abiria anaweza kulidai. Ana macho, na ana simu ya kumpigia mkaguzi. Kontena halina macho. Kwenye lori dereva wa pili ni mshahara wa pili, na usiku, Ipogolo, mara nyingi utakuta gari moja, dereva mmoja na kijana wa kushika tochi.

Hata hivyo sehemu kubwa ya kifaa tayari ipo. Mabasi yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwendo unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na wamiliki wengi wa malori wamefunga vyao wenyewe ili wajue gari liko wapi na mafuta yasiibwe. Tajiri aliye Dar es Salaam anaona kwenye simu yake kwamba gari limesimama Ipogolo tangu saa tano usiku, na anapiga kuuliza kwa nini halitembei. Skrini hiyo hiyo inamwonyesha kwamba gari lilitoka Vigwaza asubuhi, likasimama mizani tu, na kwamba aliyelishika hajapata saa 12 za kupumzika zilizoandikwa katika sheria ya 2004. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na LATRA wanaweza kuziomba kumbukumbu hizo wakati wowote, kampuni kwa kampuni, na kuanzia na zile zenye ajali nyingi.